Niliomba Mwenyewe Niwe Pacha Wake

Wiki iliyopita niliishia pale mlango wa karakana ulipofunguliwa. Watu wawili walikuwa wamemshika kijana makwapani, miguu inaburuta, kichwa kimelala kifuani. Mama, kama tunavyomwita mwenye karakana anayetuachisha gundi, akasema, "Jamani, tumepata mgeni."

Mgeni akainua uso. Alikuwa Tajiri.

Kwa ambaye ndiyo kwanza anafungua gazeti leo, nimweleze kwa ufupi. Mimi naitwa Shazia, kama ile sindano nene ya kushonea magunia, kwa sababu nashona viatu na kwa sababu, wanasema, mdomo wangu unatoboa. Zamani, tulipokuwa tukilala kwenye kibaraza cha duka la vitambaa, niliitwa Kofia. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, kichwa nimenyoa kama mvulana ili nisisumbuliwe. Mdogo wangu alikuwa na minane, tulimwita Kengele kwa kicheko chake. Sote tulivuta gundi ya viatu kwenye vichupa vya plastiki, na mgawaji wa gundi alikuwa Tajiri. Alikuwa na mablanketi mawili wakati sisi hatukuwa na hata moja. Huo ndio uliokuwa utajiri wenyewe.

Kengele akashikwa na homa. Nikataka kumpeleka hospitali. Tajiri akasema hospitali wataita polisi, akamjazia mtoto chupa "apunguze maumivu." Asubuhi Kengele hakuamka. Tajiri akatuamuru tuhame kibaraza kabla duka halijafunguliwa, tumwache pale pale. Tukahama. Hata mimi, dada mtu, nilihama. Mpaka leo sijui mdogo wangu alizikwa wapi wala na nani.

Basi endeleeni. Na mwenye kunipenda aniombee, maana ya wiki hii sina namna ya kuyapamba.

*

Kwanza mjue sheria za nyumba yetu, la sivyo hamtaujua ubaya wangu.

Karakana yetu inatengeneza viatu bila gundi. Hata tone. Soli inashonwa kwa uzi uliopakwa nta, tundu kwa tundu, na mteja akilalamika kwamba fundi wa sokoni anamaliza kwa dakika tano, Mama humjibu, "Basi kampe huyo wa dakika tano. Wiki ijayo utaniletea mimi." Na kweli huleta.

Juu ya meza ya kila mmoja kuna msumari, na kwenye msumari unaning'inia uzi. Kila asubuhi unayoamka hujavuta, unafunga fundo moja. Ukianguka, unayafungua yote mwenyewe mbele ya wenzako, unaanza upya. Ukiingiza gundi ndani ya nyumba, unayafungua na unatoka getini moja kwa moja. Uzi wangu ulikuwa na mafundo mia mbili na kumi na moja. Nikifika mia tatu, Mama aliniahidi, napewa meza kwenye duka lake la mjini, na ufunguo juu.

Na mgeni hapewi kitanda kabla hajapewa pacha. Pacha ni mtu wa zamani wa kukaa naye mchana kutwa kwa siku arobaini. Anakula naye, anamfuta matapishi, anamshika mikono ikianza kutetemeka, anamfundisha kushona.

"Nani atakuwa pacha wa huyu?" Mama aliuliza.

Mgeni alikuwa ananuka, na tangu aingie alikuwa ametukana kila kitu isipokuwa dari. Kila mtu akakumbuka kuna kiatu anakishona.

Mkono wangu ukapanda.

"Shazia! Mwanangu, una moyo wewe," Mama akasema, machozi yakimlengalenga.

Moyo ninao kweli. Laiti angeiona rangi yake siku ile.

Siku za mwizi ni arobaini, na siku za pacha ni arobaini vilevile. Hesabu hiyo ilinipendeza sana.

*

Hakunitambua. Ningetambulikaje? Nywele nimesuka, mashavu yamejaa, jina jipya. Aliniita "dada pacha," tena kwa adabu, mtu aliyekuwa akitupiga mateke ya mbavu kutuamsha.

Nakiri, wiki ya kwanza niliifaidi. Alipotapika nilimfuta, lakini sikuwa na haraka. Alipolia akiomba "kidogo tu, dada, kidogo tu," nilimshika mikono na kumsikiliza mpaka mwisho, kama mtu anayesikiliza wimbo anaoupenda. Nilimpa msharasi butu wa kutobolea ngozi. Akishona mstari mzima nilimwambia, "Umepinda. Fumua."

"Wote, dada?"

"Kwani nimesema nusu?"

Akafumua. Akashona tena. Nikamwambia fumua.

Msichana wetu mdogo kuliko wote, Njugu, alikuwa chini ya meza akiokota vipande vya ngozi, maana hiyo ndiyo zamu yake ya kila siku. Ana miaka kumi, na mafundo tisini na manne. Akatoa kichwa kama panya.

"Dada Shazia, mbona haujapinda?"

"Wewe umekuwa fundi lini?"

"Macho ninayo."

"Basi yafumbe, uokote."

Akacheka, akarudi chini ya meza. Njugu ananipenda. Nikimpa mkate wangu ananiuliza nikipewa duka nitamwajiri kazi gani, nami humjibu nitamfanya kufuli, maana hafungi mdomo lakini akiuma haachii.

Tajiri alifumua mistari mpaka vidole vikatoka damu. Hakuacha. Siku ya kumi na mbili akashona mstari ulionyooka kuliko wangu, na Mama akauonyesha karakana nzima. Wakampigia makofi. Mimi pia nilipiga makofi, meno nimeyauma.

Nilikuwa nimesubiri aanguke. Yeye alikuwa anapona, tena mikononi mwangu! Nilimwokoa kwa mateso, mjinga mimi.

*

Siku ya kumi na sita tulikuwa tunapaka uzi nta. Akasema bila mimi kumuuliza:

"Dada pacha, kuna mtoto alinifia."

Uzi ukanikatikia.

"Mtoto gani?"

"Kuna kibaraza tulikuwa tunakaa. Alikuwa na homa. Dada yake alitaka kumpeleka hospitali, mimi nikakataa. Niliogopa nitakamatwa na gundi. Nikamjazia chupa anyamaze."

"Halafu?"

"Halafu akanyamaza."

Nilingoja aseme kwamba alikuwa mdogo, kwamba naye alikuwa na njaa, kwamba dunia ni mbaya. Alikuwa na miaka kumi na sita wakati ule. Nilikuwa nimeshaandaa jibu la kila kisingizio. Hakuleta hata kimoja.

"Huyo dada yake yuko wapi?" nikamuuliza.

"Sijui. Nikimwona sijui nitamwambia nini."

"Mwombe msamaha."

"Msamaha wa nini, dada? Huo ni wa mtu aliyekukanyaga mguu."

Mngedhani nililainika. Nilizidi kuwaka. Kwa miaka minne nililichukia jitu moja baya, nikalala nalo na kuamka nalo, na sasa mbele yangu kuna kijana mwenye vidole vilivyochanika anayesema ukweli. Nani alimruhusu ajute? Majuto yake yalikuwa yananinyang'anya kitu pekee nilichobaki nacho cha Kengele.

Nikasema moyoni, huyu hafiki arobaini.

*

Jumatano ni siku yangu ya kwenda sokoni kununua uzi. Mama hunituma peke yangu kwa kuwa ananiamini, na neno hilo liandikwe kwa wino mweusi.

Fundi wa viatu wa sokoni alinicheka.

"Gundi? Nyinyi si ndio mnaoikimbia?"

"Si ya viatu. Kuna kiti cha Mama kimevunjika mguu."

"Kiti kinaruhusiwa, kiatu kimeharamishwa!" Akacheka peke yake, akanijazia kichupa cha dawa ya kikohozi, akakifunga.

Sikufika mbali. Nyuma ya mashine ya kusaga nilisimama, mgongo ukutani. Pua yangu iliijua ile harufu kabla sijafikiri lolote. Mate yakanijaa mdomoni. Mafundo mia mbili na ishirini na tisa, na kidole gumba changu kilikuwa tayari kinazungusha kifuniko. Nililia pale kama mtoto aliyepotea, wanawake wenye ndoo za mahindi wakanipita.

Nani aliniokoa? Ningependa kusema Mungu, au Mama, au lile duka lenye ufunguo. Ni Tajiri. Nilijiambia, ukiivuta hii wewe, yeye ataikosa. Nikakaza kifuniko, nikaizungushia kitambaa chenye sabuni, nikaenda zangu. Chuki ilinishika mkono mpaka getini.

Alhamisi, wenzangu wakiwa kwenye chakula cha mchana, nilisema nimesahau leso. Karakana ilikuwa tupu. Kila meza ina sanduku dogo la vifaa, na kila siku saa kumi jioni Mama huyafungua masanduku yote kuhesabu visu kabla ya kufunga. Nikafungua sanduku la Tajiri. Nikaiweka chupa chini ya nyuzi, kifuniko nimekilegeza kidogo, harufu imwite.

Nilikuwa nimepanga vizuri. Akiivuta, ameanguka. Asipoivuta, Mama ataikuta saa kumi, na mwenye sanduku atatoka getini. Huku moto, kule maji ya moto.

Nikarudi mezani nikala, tena nikaongeza.

*

Saa nane tukarudi kazini. Tajiri akafungua sanduku achukue uzi.

Akaganda.

Nilikuwa nimekaa naye bega kwa bega, nikasikia pumzi yake ikikatika. Jasho likamtoka kwenye paji la uso. Mkono ukaingia ndani ya sanduku, ukakaa humo. Nikawa naomba. Ndiyo, niliomba: vuta, vuta, vuta.

Mkono ukatoka mtupu. Akafunga sanduku taratibu. Akageuka akanitazama, kitambo kirefu, halafu akasema:

"Dada pacha, naomba nikanawe uso."

"Nenda."

Akatoka. Nami nikaenda dirishani nimwone. Alikuwa ameinama bombani, maji yanamwagika kichwani, mabega yanatetemeka. Nilimkodolea macho kama paka anayemwangalia ndege. Sikutaka kukosa hata tone. Sijui nilisimama pale muda gani.

Nikome hapo kidogo niseme kosa langu. Mtu mwingine yeyote angeficha chupa ile asidhurike mtu. Lakini karakana ile ilikuwa na watu kumi na wanne, na kila mmoja wetu anaweza kuinusa gundi ikiwa ng'ambo ya barabara. Mimi nililegeza kifuniko nikidhani harufu inajua inamwita nani.

Tajiri akarudi, akakaa, akashona. Hakuligusa sanduku tena. Aliazima uzi wangu.

Saa kumi Mama akaanza kuhesabu. Meza ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akafika kwetu. Akafungua sanduku la Tajiri, akatoa nyuzi, akatoa kisu, akatoa nta.

"Sawa," akasema. "Linalofuata."

Sawa? Nilichungulia. Sanduku lilikuwa tupu. Nikamtazama Tajiri, naye alikuwa anatazama ndani ya sanduku, mdomo wazi kama wangu.

Hapo ndipo mpishi alipopiga kelele huko nyuma.

Njugu alikuwa amelala nyuma ya tangi la maji, ufagio pembeni, chupa imeganda puani. Midomo ilikuwa ya rangi ya majivu. Mama alimbeba akakimbia naye zahanati bila viatu, yeye mwenye viatu thelathini karakanani.

*

Alirudi kabla jua halijatua, gauni limemvurugika. Tukapangwa uani.

"Anapumua," akasema. "Zaidi ya hapo daktari hajui. Sasa nauliza mara moja tu. Nani ameingiza kitu hiki ndani ya nyumba yangu?"

Mdomo huu unaotoboa, siku hiyo ulikuwa umeshonwa. Nilifikiri, nikisema, mafundo mia mbili na thelathini yamekwenda, duka limekwenda, nyumba imekwenda. Kibaraza kinanisubiri. Na Kengele atabaki hajalipiwa.

"Mimi, Mama."

Sikuwa mimi. Alikuwa Tajiri.

"Wewe?"

"Ilikuwa kwenye sanduku langu."

"Nilikuchukua ukiwa mzoga," Mama akasema, sauti ikamkauka. "Mtoto wa miaka kumi! Hukumwona?"

"Nimekosa, Mama."

Ukaletwa uzi wake. Alifungua mafundo kumi na tisa kwa vidole vile vile nilivyovichana mimi, na hakuna aliyemtazama usoni. Wengine walitema mate. Mmoja alimrushia kiatu. Nilitamani nirushe na mimi, ili nisionekane.

Akapita mbele yangu kwenda getini. Akapunguza mwendo.

"Nilikujua siku ya kwanza, Kofia," akasema kwa sauti ya chini. "Ulipoomba uwe pacha wangu. Nani mwingine angeniomba mimi?"

Nikainama kama mtu anayefunga kamba ya kiatu.

"Kama imetosha, imetosha. Kama haijatosha, mimi utanikuta kulekule kibarazani."

Geti likafungwa.

Mnataka kujua nilijisikiaje? Nisiwadanganye, nimeapa kutodanganya kwenye gazeti hili. Nilifurahi. Furaha ilinipanda toka miguuni, nikaingia bafuni nikafunga mlango nikamwita mdogo wangu kwa jina lake la kuzaliwa, ambalo sijawahi kuliandika hapa, nikamwambia, tumempata. Nikarudia. Mara ya tatu nikakumbuka midomo ya Njugu, na ilikuwa na rangi ile ile ya midomo ya Kengele, na furaha ikakatika kama maji ya bomba.

*

Ijumaa asubuhi Mama alinifuata mezani.

"Njugu ameamka."

"Mungu mkubwa!"

"Hataki kusema na daktari, hataki kusema na mimi. Anakutaka wewe. Shazia, mtoto huyu anaanza upya kutoka sifuri, na atahitaji pacha. Amekuchagua. Najua umeumizwa na yule mwingine, lakini ningekuwa na mtu mwingine wa kumwamini nisingekuomba."

Tulikwenda zahanati. Mama akabaki kwenye korido akizungumza na nesi. Nikaingia peke yangu.

Njugu alikuwa mdogo kitandani kuliko chini ya meza. Macho makavu, midomo imepasuka. Nikapiga magoti, nikamshika mkono, na nikaamua, pale pale, kwamba nitamwambia Mama kila kitu. Nilikuwa nimeshavuta pumzi ya kuanzia.

"Njugu, mdogo wangu, nisamehe..."

"Sijasema," akaninong'oneza.

"Hujasema nini?"

"Nilikuwa chini ya meza jana mchana. Sikwenda kula. Nilikuwa naokota vipande." Akameza mate kwa shida. "Niliona miguu yako. Nikaona mkono ukiingia kwenye sanduku lake. Ulipokwenda dirishani, nikaichukua."

Nikageuka kuangalia mlango.

"Njugu..."

"Usiogope, dada. Daktari ameniuliza, nikamwambia sijui. Mama ameniuliza, nikamwambia sijui. Hata nikipigwa sisemi." Akanibana vidole. Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka, mtetemeko ninaoujua vizuri kuliko jina langu. "Lakini Jumatano si unakwenda sokoni?"

"Nakwenda kununua uzi."

"Basi niletee nyingine. Ndogo tu, kama ile."

"Siwezi, Njugu. Itakuua."

"Ya yule uliiweza," akasema, bila hasira, kama anayenikumbusha bei ya mkate. "Na usiponiletea, nitasema."

Mlango ukasogea. Mama akachungulia, uso umechoka, tabasamu la kwanza tangu jana likimjia alipotuona tumeshikana mikono.

"Enhe, mapacha," akauliza. "Mmeelewana?"

Njugu alinitazama mimi kwanza, kisha akamgeukia.

"Tumeelewana, Mama."